Kanga Niliyochelewa Kuifunua

Nachingwea, jioni

Mwanangu Skola,

Hali yako sikuulizi, naisikia kupitia ukuta. Tangu nirudi umefungua zipu ya begi, umeifunga, umeifungua tena, na sasa kimya. Najua umezirudisha nguo kabatini. Gari la Dar linaondoka kesho alfajiri na tiketi iko chini ya kikombe pale mezani. Juzi ulitoka kwa bibi yako Ruangwa ukilia kwamba amekataa kukuaga. Binamu zako wote walipoondoka aliwapaka unga wa mtama kichwani na kuwatamkia maneno. Kwako wewe, mjukuu aliyemlea mwenyewe, aliingia ndani akafunga mlango. Alisema tu, "Kazi ile ya baba yako inatosha. Sitaki mwingine." Ukaja ukaniambia kwamba bila mkono wa bibi huendi kokote, na nafasi yako kwenye chumba cha wagonjwa mahututi wampe mwingine.

Sikukujibu. Ulidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nimechoka tu, na jibu nililokuwa nalo baba halitamki mbele ya binti yake. Ndiyo maana naandika. Mambo ya mwili wa bibi yako, mama mkwe wangu, sina kinywa cha kukuhadithia uso kwa uso, hata kama wewe sasa ni muuguzi mwenzangu na umeshaona mengi. Kwenye karatasi angalau sikuoni unavyonitazama. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kuhusu hilo begi.

Ya kula vizuri, ya kupiga simu ukifika, ya kutoongea na watu usiowajua stendi, hayo shangazi zako wameshakuimbia wiki nzima na wimbo umeushika. Mimi nataka kukueleza habari ya mipira.

Chuoni mmefundishwa yote: kanula ya mkononi, mpira wa mkojo, mpira wa kulishia unaopita puani, na ule mrefu wanaouingiza kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa kinena. Na sisi tulifundishwa, tukafaulu. Lakini siku ya kwanza nilipoingia chumba cha mahututi nilimwona mgonjwa ametoka mipira kila upande, kama muhogo uliong'olewa na mizizi yake yote. Nilishikwa na woga. Nikafanya kitu ambacho na wewe utashawishika kukifanya: nikatazama mashine. Mashine ina namba, na namba zinasomeka upesi kuliko mtu. Ile hospitali sitakutajia, maana baadhi ya wenzangu bado wapo pale na hawakunikosea kitu.

Mkuu wetu wa zamu alikuwa Sista Edwiga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kuku. Alinikamata mkono siku ileile akauweka juu ya chupa ya dripu. "Anzia hapa," akasema. "Shuka na mpira wako taratibu. Usiache kitu katikati. Mkono ukutane na ngozi ya mgonjwa." Kila zamu alikuwa anatutaka tufanye hivyo kwa kila mpira, na kila mpira tuuandike jina kwenye plasta, ili maziwa ya puani yasije yakaingia kwenye mshipa. Tulimcheka pembeni. Tulisema Sista anachunga mipira kama wengine wanavyochunga mbuzi.

Kuna baba mmoja wa kijiji cha Kiegei nilimhudumia mwaka ule. Alikuwa na mpira wa mkojo, na mfuko wake ulining'inia chini ya kitanda kama inavyotakiwa. Binti zake walikuja kumwona. Wakaona mkojo wa baba yao unaonekana na kila apitaye, hata wakwe. Waliona aibu, Skola. Wakauchukua mfuko, wakaupandisha kitandani, wakaulaza katikati ya miguu yake na kuufunika kwa kitenge. Mkojo ukarudi ulikotoka. Baada ya siku chache mzee alikuwa na homa ya kutetemeka, na mimi nikawafokea wale mabinti mbele ya wodi nzima kwa ushamba wao. Mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, sisi tulikuwa tunamsitiri." Nilimwona mjinga. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kazi ya mfuko ule, mimi nikiwa wa kwanza kutomweleza, lakini hilo sikuliona. Nilijiona msomi ambaye mambo ya aibu za kijijini yamempita.

Haukupita muda mrefu wakamleta bibi yako.

Wewe ulikuwa darasa la pili, unakaa kwake Ruangwa. Pengine unakumbuka alivyokuwa anagaagaa kwenye mkeka. Utumbo ulikuwa umejisokota. Mama yako alimleta nyuma ya pikapu, na walipomfikisha alikuwa amekauka, mishipa ya mikono imelala, hata kanula ndogo haikupata pa kuingia. Daktari akamwekea mpira mkubwa kinenani, wakampasua, wakamleta kwetu chumbani akiwa hai. Wakamwekea na mpira wa mkojo.

Sasa, sisi na wakwe unatujua. Tangu nimuoe mama yako sikuwahi kumpa bibi yako mkono. Mwaka wa kwanza wa ndoa nililima shamba lake msimu mzima, na chakula nililetewa kando, sikuwahi kumwona akitafuna. Tukikutana njiani, mimi naingia porini mpaka apite. Watu wa Dar watakucheka ukiwahadithia. Waache wacheke. Ndivyo nilivyomheshimu na ndivyo alivyonipenda, na wala hatukuwahi kugombana.

Nikamwambia Sista Edwiga, "Huyu siwezi." Akaelewa, na yeye ni wa hukuhuku. Tukagawana: yeye na bibi yako, mimi na wengine. Mama yako alikuwa anashinda naye, na yeye ndiye aliyemgeuza na kumfunika. Alimfunika vizuri mno, kanga juu ya kanga na blanketi juu yake, kwa sababu mimi, mume wake, nilikuwa mle chumbani.

Mchana mmoja Sista aliitwa upesi chumba cha upasuaji. Mama yako alikuwa nje jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, anapika uji. Nikabaki mimi. Nilikuwa namfunga mgonjwa mwingine kidonda nilipoona presha ya bibi yako inashuka.

Nikaenda nikasimama miguuni pake. Nikatazama dripu: matone yalikuwa yanadondoka vizuri, tena vizuri mno, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Nikasema amepungukiwa maji, nikaifungua zaidi. Presha ikashuka tena. Nikaweka mkono kwenye chupa nikashuka na mpira kama nilivyofundishwa, taratibu, mpaka kwenye pindo la kanga. Hapo mkono ukasimama.

Alikuwa macho. Nilipokaribia akageuza uso ukutani, kama mama mkwe afanyavyo.

"Mama, unajisikiaje?"

"Sijambo," akasema. Midomo ilikuwa myeupe.

Nikaenda mlangoni kuangalia kama Sista anarudi. Hakuwepo. Nikarudi, nikaongeza dripu. Nikaenda tena mlangoni kumtafuta mama yako kwa macho, nikaona moshi wa jikoni tu. Nikarudi. Nikabadilisha chupa, maana ya kwanza ilikuwa imeisha upesi, na nikajisifu moyoni kwamba maji yanaingia. Nilikuwa nafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Ungenipita pale ungedhani huyu muuguzi ana bidii sana.

Nilimfunua pale aliponyamaza kabisa na mashine ikaanza kulia. Kiungo cha mpira kilikuwa kimeachana pale kwenye koki ya kufungia dripu, huenda alipogeuzwa asubuhi. Dripu yangu yote ilikuwa inaingia kwenye godoro. Na upande wa pili wa mpira, ule uliobaki kwenye mshipa, damu yake ilikuwa inatoka taratibu bila sauti. Ilikuwa imejaa chini ya mgongo mpaka miguuni, na juu blanketi lilikuwa kavu. Niliuminya mpira kwa vidole nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Mama yako aliingia na kikombe cha uji akanikuta hivyo, mkono wangu kinenani kwa mama yake, na damu kote. Akageuza kichwa haraka kama aliyemkosea mtu.

Aliongezewa damu, akapona. Wewe ulikuja kumchukua na mama yako, umevaa gauni la njano, unaruka huku na huku. Mimi nilijificha stoo mpaka mlipoondoka.

Tangu hapo hakunitumia salamu. Kabla ya hapo tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Baada ya hapo ikawa kimya tu. Nilimtuma mzee wa ukoo apeleke kuku na doti ya kanga, kuomba radhi kwamba niliona nisichopaswa kuona. Kuku akapokelewa. Kanga zikarudi zimekunjwa vilevile. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: hawezi kunisamehe kwamba nilimfunua. Siku tulipomzika mama yako alipita mbele yangu kama mtu anavyoupita mti. Ulikuwa unaniuliza kwa nini bibi haji kwetu, nami nilikuwa nakuambia miguu inamsumbua. Miguu yake mizima, anakwenda shamba na kurudi kunishinda mimi.

Na mimi somo nililichukua vibaya, mwanangu. Nilijiapiza kwamba sitasimama tena kwenye pindo la nguo ya mtu. Nikawa muuguzi wa kufunua. Nilikuwa naingia zamu, navuta mashuka, naangalia mpira huu, naangalia ule, nafunika, naenda. Nilifanya hivyo miaka, na kwa kweli wengi niliwawahi. Kanula iliyoanza kuvimbisha mkono, plasta iliyolowa, mpira wa mkojo ambao mgonjwa hauhitaji tena lakini hakuna aliyekumbuka kuutoa, vyote niliviona. Nilisifiwa. Kisha babu mmoja kutoka upande wa Mnero, ambaye nilidhani hajitambui, alinishika mkono nilipovuta shuka lake. Akaniambia, "Hata maiti tunamwambia kwanza, ndipo tunamgeuza." Akafumba macho. Nilisimama na lile shuka mkononi nisijue kulirudisha au kulivuta.

Kuanzia hapo ndipo nikajifunza kusema. "Baba, ninakuja kuangalia mpira huu unaopeleka dawa. Nitafunua hapa tu, halafu nitakufunika." Hata kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, ambaye hajibu. Wenzangu vijana wananitania, wanasema mzee anaongea na magodoro. Lakini sijakuandikia haya ili unisifu. Nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi nikiona haya, na nusu nyingine nikiwatia watu haya, na nimebakiwa na miaka michache tu ya kufanya inavyopaswa, nayo nimechoka. Magoti yanauma. Nikitoka zamu naketi kitandani na viatu miguuni, wewe mwenyewe umekuwa ukinivua.

Leo asubuhi uliniona natoka ukadhani nakwenda sokoni. Nilipanda pikipiki mpaka Ruangwa. Mgongo huu utanidai wiki nzima.

Nilikohoa kwenye ua. Ndani nikasikia ungo, anapepeta ufuta. Mtu wa kutupelekea maneno hakuwepo, na zamani mtu huyo alikuwa mama yako. Nikaketi kwenye kigogo, mgongo nimeuelekeza mlangoni kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukanyamaza. "Nani huyo?"

"Baba Skola."

"Marahaba."

Nikasema nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nikasema, "Hasira yako ni kwangu, mama. Skola usimfunge miguu kwa sababu yangu."

"Hasira gani?"

"Ya siku ile. Nilikufunua. Aibu ile ninayo mpaka leo."

Akacheka, Skola. Kicheko kikavu, nikadhani anakohoa. "Ulinifunua lini wewe?" akasema. "Ulinifunua nimeshakwisha kufa."

 Alikuwa na la kuniambia, na nadhani alikuwa nalo siku nyingi.

"Mie nilikuwa macho. Nilisikia joto hapa mgongoni, likashuka mpaka kwenye visigino. Nikajua nimejikojolea. Nikasema, mkwe wangu huyu hapa, namwambiaje kwamba nimejikojolea? Ukaniuliza hali, nikakwambia sijambo."

"Mama, usingeweza kujikojolea. Ulikuwa na mpira. Mkojo wote ulikuwa unakwenda kwenye ule mfuko."

"Ule mfuko wa pembeni?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe! Mie nilidhani dawa."

Nililia pale, na nashukuru nilikuwa nimempa mgongo. Wale mabinti wa Kiegei niliwafokea kwa kutojua kazi ya mfuko, na huyu alikaa nao siku zote zile, pembeni ya mkono wake, na hakuna aliyemwambia. Sista alidhani ameshaelezwa. Mimi nilikuwa sisemi naye.

"Nilikuwa nakutazama," akaendelea. "Unakwenda mlangoni, unarudi. Unakwenda, unarudi. Nikasema, ananistahi mtoto wa watu. Halafu macho yakaanza giza. Nikasema, lo, huyu ananiacha nife kwa adabu. Ukaja kuniletea kanga! Kanga za nini?"

"Nisamehe, mama."

"Sasa huyo Skola," akasema, "ni wewe mtupu. Anamwamkia kila mtu kwa magoti. Akiagizwa kwa jirani anasimama uani mpaka wamwone, hodi inamshinda. Nimemlea, namjua. Nimbariki aende, halafu watoto wa wenzangu wafe huko, huyo mjukuu wangu kasimama mlangoni? Nikasema hapana. Ya baba yake inatosha."

Hiyo ndiyo sababu ya ule mlango kufungwa usoni pako, mwanangu. Wala hakuikasirikia kazi yetu.

Kisha akaniuliza, "Ningekuita siku ile, ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifikiri sana pale kwenye kigogo, kwa maana ni mama mkwe na mimi ni mtu mzima, na uongo ungetusaidia wote wawili.

"Sijui, mama," nikasema.

Nikasikia ungo unawekwa chini. Nikasikia miguu yake, mlango, na miguu tena, nyuma yangu kabisa. Nikataka kuinuka niondoke njiani, kama siku zote.

"Kaa hapohapo," akasema. "Skola hayupo, wewe upo."

Akanishika kichwa. Mama mkwe wangu, Skola, ambaye sijawahi kuupokea mkono wake. Kiganja kilikuwa kigumu na kimejaa unga wa mtama. Akaanza kwa Kimwera, akawataja waliokufa, na mama yako akamtaja, kisha akamalizia kwa jina la Baba na la Mwana, kama kawaida yake ya kutoacha mlango hata mmoja bila kubisha. Alinipaka mpaka kwenye masikio. Akasema, "Mpelekee. Mwambie aende. Mwambie mtu akiwa chini ya nguo yake anakufa, kwanza aseme naye, halafu afunue upesi. Haya ataiona baadaye, mgonjwa akishapona."

Nikarudi. Mwenye pikipiki aliniuliza mzee umetoka kusaga, nikamwambia ndiyo. Kofia ngumu aliyonipa sikuivaa, na polisi pale njia panda wamenisema vya kutosha.

Karatasi hizi nazipitisha chini ya mlango wako. Mimi niko hapa barazani. Shingo inawasha, nimechoka, na maji ya kuoga yameshapoa kwenye ndoo. Sijaoga, mwanangu. Unga wako bado uko kichwani kwangu. Toka uje uuchukue.

Baba yako